Subaru Kuukuu na Baridi Kali: Pesa Ianzie Chini ya Gari

Maine na Vermont, majimbo mawili ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, yamejaa Subaru. Mgeni aliyetua Portland, Lewiston au Burlington akitokea Kongo, Burundi au Kenya, akisema tu kwamba anatafuta gari la bei nafuu, haitachukua muda kabla hajaonyeshwa Legacy, Outback, Forester au Impreza yenye miaka kumi na tano au ishirini. Ndivyo ilivyo Colorado pia, na ukivuka mpaka kuingia Kanada. Gari lenyewe linastahili sifa zake. Linavuta kwa magurudumu yote manne, injini yake imelazwa chini kiasi kwamba uzito haupandi juu, na spea zake hazisumbui kupatikana.

Shida ni kwamba wengi wetu tunafika huku na elimu ya gari tuliyoipata penye joto na vumbi. Huku maadui ni wawili wengine, baridi na chumvi. Baridi inazima betri na kupasua injini. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu inakula chuma kimyakimya mpaka siku breki ikatike. Na baadhi ya mbinu zilizotuokoa nyumbani ndizo zinazoua gari huku. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: ukiwa na dola mia tano za kuitengeneza Subaru kuukuu, zitumie chini ya gari na kwenye mfumo wa kupoza injini kabla hujagusa chochote cha kuonekana au kusikika. Hapa chini nimepanga matumizi hayo kuanzia siku ya kununua.

Kabla ya kununua, lala chini

Muuzaji atakuonyesha viti na redio. Wewe nenda na tochi, bisibisi na kipande cha boksi cha kulalia. Anzia nyuma, kwenye tao la bodi juu ya gurudumu. Rangi iliyovimba hapo maana yake chuma cha chini yake kimeshaliwa. Hilo peke yake si kifo, ila linakuambia gari limeishi wapi. Kisha ingiza kichwa ndani ya tao na umulike mahali shokapu inaposhika bodi. Geuza bisibisi, ugonge kwa mpini. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali na mkono unahisi ugumu. Kilichooza kinatoa kishindo butu na kuangusha vipande vya kutu usoni mwako. Kikiwa hivyo, inuka, shukuru, ondoka.

Ukiwa bado chini, sogea nyuma ya gurudumu la kulia la nyuma. Mrija wa kujazia petroli unapita hapo, umefunikwa kwa plastiki ambayo nyuma yake hukusanya mchanga wenye chumvi. Mrija ukitoboka, gari hunuka petroli kila ukijaza tangi na taa ya injini huwaka. Fundi asiyezijua Subaru anaweza kukubadilishia sensa mbili tatu kabla ya kufungua hiyo plastiki.

Fuata mirija ya breki inavyokwenda nyuma. Mwaka 2014 Subaru iliita takriban magari 660,000 kwa sababu ya mirija hiyo kuliwa na kutu katika majimbo yanayotumia chumvi: Legacy na Outback za 2005 hadi 2009, Impreza za 2008 hadi 2011 na Forester za 2009 hadi 2013. Chukua namba ya chesisi, iingize katika tovuti ya NHTSA, idara ya usalama barabarani ya Marekani, uone kama gari hilo lina wito ambao haujatekelezwa. Huduma hiyo ni bure, na kazi ya wito hufanywa bure kwa wakala. Hapo ndipo utajua pia kama mfuko wa hewa wenye kasoro wa kampuni ya Takata ulishabadilishwa.

Gari lililoishi Oregon au majimbo ya kusini, hata likiwa na maili nyingi, mara nyingi ni mali kuliko lenye maili chache lililozeekea Maine. Injini inatolewa na kurudishwa. Bodi ikishaoza, imeoza.

Ijue injini yako kwa jina

Subaru za zamani zinatofautiana sana moyoni. Injini ya EJ22, ya lita 2.2, ndiyo ngumu kuliko zote za familia yake. Zile za hadi 1996 zina faida ya ziada: taimingi belti ikikatika, valvu hazigongani na pistoni. Unafunga belti mpya, unaendelea na safari.

EJ25 ya lita 2.5 ndiyo yenye kesi ya gasketi ya hedi, na kesi zenyewe ni mbili. Ile ya kemu mbili kila upande, iliyotumika kati ya 1996 na 1999, huvujia ndani. Moshi wa silinda unaingia kwenye kulanti. Gari linaweza kwenda vizuri mjini wiki nzima, halafu likachemsha kwenye mlima mrefu au baada ya saa moja ya barabara kuu. Dalili yake iangalie kwenye chupa ya akiba ya kulanti injini ikiwa ya moto: mapovu madogo yanayopanda bila kukoma, na utando mweusi ukingoni. Ile ya kemu moja kila upande, iliyoanza na magari ya 1999 na 2000 kutegemea modeli, kwa kawaida huvujia nje. Mulika chini, pale hedi inapokutana na bloku. Utaona unyevu wa oili au alama ya kulanti iliyokauka. Uvujaji wa nje unaweza kukuvumilia muda mrefu ukiwa unaongeza na kukagua. Wa ndani haukuvumilii. Kazi ya gasketi zote mbili kwa fundi mzuri mara nyingi hupita dola elfu mbili, basi iondoe kwenye bei ya kununulia, usisubiri kuilipa baadaye.

Kwa EJ25 taimingi belti ni suala la kufa na kupona, maana ikikatika valvu zinapinda. Kwa soko la Marekani kipimo cha Subaru ni maili 105,000 au miezi 105, chochote kitakachotangulia. Wengi wanahesabu maili na kusahau miezi, ambayo haifiki hata miaka tisa. Kama muuzaji hana risiti, hesabu kwamba haijabadilishwa. Ukiibadilisha, badilisha na tensiona, roli zake na pampu ya maji kwa mara moja, kwa kuwa roli ikikwama belti mpya inakatika vilevile. Subaru za miaka ya 2010 zilipoanza kupata injini za FB, zilihamia kwenye cheni.

Kulanti: mahali pa kusahau tulichofundishwa

Piga simu nyumbani ueleze kwamba gari lako linapanda joto, na kuna fundi atakayekujibu kwa upendo wote: "Mdogo wangu, itoe tu hiyo thamostati, weka maji safi, maji yatembee." Mombasa au Dar es Salaam gari litaendelea kutembea, ingawa hata huko si dawa. Penye baridi ushauri huo una makosa mawili, na kila moja linatosha kuliua gari.

La kwanza ni maji. Yakiganda yanapanuka, na bloku ya alumini haina pa kukimbilia ila kupasuka. Mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji yaliyosafishwa unavumilia hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Ukiwa Winnipeg au Fairbanks, ongeza kulanti hadi asilimia sitini. Usizidishe zaidi kwa kudhani kingi ndicho bora, kwani kulanti tupu isiyo na maji huganda karibu nyuzi 13 tu chini ya sifuri. Nunua kipimo cha mkono, kile cha kufyonza tone na kusoma. Kinauzwa bei ndogo duka lolote la spea. Pima kulanti kila Oktoba, kwa sababu hujui mwenye gari aliyekutangulia alikuwa akiongeza nini.

La pili ni thamostati. Kwenye Subaru za EJ imekaa chini, kwenye mlango wa pampu ya maji, nayo inafunguka karibu nyuzi 78. Ukiitoa wakati wa baridi, injini haifikii joto lake la kazi hata ukiendesha saa nzima. Hita itapuliza hewa ya uvuguvugu, vioo vitaganda kwa ndani, injini itakula petroli nyingi, na petroli hiyo itashuka kuchanganyika na oili. Funga thamostati halisi ya Subaru. Nyingi za bei rahisi zina mdomo mdogo kuliko ya asili, na gari linaanza kupanda na kushuka joto mpaka mtu anashuku gasketi iliyo nzima.

Lipo jambo jingine ambalo limefanya watu wengi walipe gasketi bure, nalo ni hewa. Injini iliyolala inashika mifuko ya hewa kila unapomwaga kulanti. Kuitoa ni kazi ya subira. Pandisha pua ya gari kwenye ngazi za chuma au mahali pa mwinuko. Fungua hosi ya juu ya rejeta, mimina kulanti taratibu kuelekea injini hadi ijae, rudisha hosi, kisha jaza rejeta ukiwa umelegeza skrubu ndogo ya plastiki iliyo juu yake, upande usio na mfuniko. Ikianza kutoa kulanti badala ya hewa, ifunge kwa vidole. Ukiikaza kwa nguvu itavunjika. Washa injini na hita kwenye moto wa mwisho, ukiminyaminya hosi ya juu, mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Kama hita inapuliza baridi wakati mshale wa joto umepanda, bado kuna hewa au kulanti imepungua; zima, acha ipoe, ongeza. Asubuhi yake angalia tena. Rejeta ya moto usiifungue hata kama una haraka.

Asubuhi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri

Oili nzito ikiwa baridi haipandi. Injini ikizunguka bila oili kwa sekunde chache kila asubuhi, beringi zake zinalipa. Oili ya sinthetiki ya 5W-30 inatosha sehemu nyingi. Kwenye baridi ya Minnesota ya kaskazini au Alberta nenda kwenye 0W-30. Ile namba iliyo mbele ya W ndiyo inayosema oili itatiririka vipi baridi, na ikiwa ndogo ni afadhali.

Ukifungua mfuniko wa oili wakati wa baridi ukakuta utando wa rangi ya maziwa, usianze kulia. Gari la safari fupi za dakika tano halipati joto la kutosha kukausha unyevu ndani ya injini, na unyevu huo unajikusanya hapo juu. Angalia kiwango cha kulanti kwanza. Kama hakishuki, endesha gari nusu saa barabara kuu, utando utapungua. Vilevile injini nyingi za EJ25 hugonga kok-kok-kok zikiwa baridi, na mlio huo huisha zikipata moto: ni pistoni zenye kiuno kifupi zikicheza ndani ya silinda. Mlio usioisha baada ya kupata moto ndio wa kumpelekea fundi.

Betri kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki na takriban nusu ya nguvu zake za kuzungusha stata, wakati injini yenyewe imekuwa nzito zaidi. Ndiyo maana nguvu ya baridi iliyoandikwa kwenye betri hupimwa katika joto hilo hilo. Nunua yenye namba kubwa kadiri trei inavyoruhusu, safisha vichwa vyake, na usiiache iishe. Betri iliyojaa haigandi kwa baridi ya kawaida, lakini iliyoisha huganda hata kwenye nyuzi kumi chini ya sifuri, na iliyoganda haichajiwi wala haiboostiwi.

Kitu chenye thamani kuliko vyote kwa asubuhi hizo ni hita ya bloku: kijiti cha umeme kinachofungwa ndani ya injini na kupasha kulanti. Huko Winnipeg, Edmonton na Fairbanks utaona nyaya zikining'inia mbele ya magari, na maegesho mengi yana soketi. Iunganishe na swichi ya saa iwashe saa tatu kabla ya kuondoka. Kuiacha usiku kucha ni kumlipa mwenye umeme bure. Ukishawasha injini, nusu dakika hadi dakika moja inatosha kwa baridi ya kawaida, kisha uondoke kwa upole bila kuzungusha injini juu. Kwenye turbo upole huo ni lazima, wala usiikamue kabla oili haijapata moto.

Kamwe usilipashe gari moto ndani ya gereji iliyofungwa, wala theluji ikiwa imeziba ekzosti. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka haina harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Mwambie na jirani aliyefika juzi.

Madogo yanayokera: tangi lisishuke chini ya nusu, maana unyevu ndani yake ukiganda huziba mrija. Maji ya bomba kwenye wipa yatapasua chupa, tumia maji ya wipa yasiyoganda. Breki ya mkono iliyolowa inaweza kuganda. Mahali tambarare acha gari kwenye gia au P. Na Subaru za hadi karibu 2008 zina milango isiyo na fremu juu ya kioo, hivyo kioo hugandia kwenye mpira. Paka mipira silikoni mwanzo wa baridi, na mlango ukigoma usiuvute kwa kioo. Usukume kwanza kuelekea ndani uvunje barafu. Ukisikia harufu ya petroli asubuhi ya baridi kali tu, hasa kwenye turbo za miaka ya mwanzo ya 2000, kagua hosi fupi za petroli zilizo chini ya manifoldi. Mpira wake hukakamaa, na kibano hulegea.

Matairi manne, yote ndugu

Kuvuta kwa magurudumu manne hukusaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya matairi. Wenye Subaru wengi huliona hilo wakiwa tayari mtaroni, kwa sababu gari linaongeza mwendo kwenye theluji vizuri mno hata dereva akasahau ameshika nini. Tairi la kawaida hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. La baridi hubaki laini. Herufi M+S pembeni hazitoshi, tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Jimbo la Quebec limelifanya hili kuwa sheria, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi.

Kwa Subaru lipo sharti la pili. Matairi yote manne yawe ya aina moja na yaliyolika sawasawa. Tofauti ya mzingo isipite robo inchi, yaani milimita sita hivi. Tairi moja jipya kati ya matatu yaliyochakaa linazunguka kwa mwendo wake, na difu ya kati ya gari la manyuo, au klachi za giaboksi ya otomatiki, zinasuguana wakati wote mpaka ziungue. Dalili utaipata maegeshoni: ukikata kona kali kwenye lami kavu, gari linasita na kuruka. Otomatiki nyingi za zamani zina nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD chini ya boneti; kitabu cha gari kinaagiza uweke fyuzi hapo ukilazimika kutembelea tairi dogo la akiba, ili magurudumu ya nyuma yaachiwe.

Nunua seti ya pili ya rimu za chuma kwa ajili ya baridi. Subaru nyingi za zamani zina bolti tano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100. Chagua rimu ndogo kadiri breki zinavyoruhusu, inchi 15 kwa zisizo na turbo nyingi, na tairi jembamba linalokata theluji kufika chini. Kabla ya kufunga, sugua uso wa habu kwa brashi ya waya na upake grisi nyembamba ya kuzuia kukwama, nje ya nyuzi za bolti, la sivyo masika itabidi uipige rimu mateke itoke. Kaza kwa spana ya kipimo, urudie baada ya kilomita themanini hivi.

Chumvi haina likizo

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa gari la huku uko chini. Kila vuli, kabla ya theluji ya kwanza, osha tumbo la gari, liache likauke kabisa, kisha lipuliziwe mafuta ya kuzuia kutu. Yale yenye asili ya mafuta ya sufu ya kondoo hushika vizuri na huendelea kupenya kwenye maungio. Elekeza kwenye mirija ya breki, mrija wa petroli, fremu ya nyuma, mikono ya suspensheni na ndani ya vizingiti vya milango. Diski za breki, ekzosti na mikanda usiviguse. Lami nene nyeusi ya kupaka chini usiikubali kwenye gari lenye kutu tayari, kwa kuwa inafungia unyevu ndani na kutu inaendelea kula gizani.

Katikati ya baridi subiri siku joto lipande juu ya sifuri, upite kwenye mashine yenye mabomba ya chini. Ukiwa hapo kagua mpira unaofunika jointi ya draivu shafti ya mbele, hasa wa ndani upande wa kulia, uliokaa karibu na joto la ekzosti. Ukichanika, grisi hurukia ekzosti na kuungua. Harufu utaisikia ukisimama kwenye taa.

Marekebisho yanayolipa na yanayokugharimu

Sasa tuje kwenye yale vijana wanayoyapenda. La kwanza lenye faida umeshalisoma: hita ya bloku, matairi na rimu zake. La pili ni sampu gadi ya alumini, kwa sababu barafu iliyokauka barabarani ni jiwe, na ile plastiki ya asili huwa imeshang'oka. Iwe na tundu la kumwagia oili. Madigadi marefu ya mpira huokoa vizingiti visichapwe na chumvi na kokoto.

La tatu hufanywa injini ikiwa nje tu. Ukibadilisha gasketi za hedi kwenye EJ25, weka zile za tabaka kadhaa za chuma zinazotumika kwenye injini za turbo, na hedi zinyooshwe karakana ya mashine. Bei ya gasketi yenyewe si kitu ukilinganisha na kazi, na ugonjwa hautarudi kirahisi.

Kuinua gari sentimita mbili tatu kwa springi za Forester au spesa juu ya shokapu ni jambo la busara penye theluji nzito. Ukifika inchi mbili, fremu nazo zinapaswa kushushwa kwa spesa, vinginevyo draivu shafti zinafanya kazi zikiwa zimepinda na mipira yake inachanika. Baada ya kazi yoyote ya suspensheni, nenda ukapime alaimenti.

Kushusha gari, kwa upande mwingine, ni kuligeuza bumpa kuwa koleo la theluji. Matairi mapana yanaelea. Fimbo ya nyuma ya kuzuia bodi isilale kwenye kona, ikiwa ngumu zaidi ya kiasi, tamu kwenye lami kavu, kwenye barafu inamrusha dereva mkia mbele. Taa za LED zinavutia lakini hazitoi joto la kuyeyusha theluji inayozishikilia, na balbu ya halojeni ya zamani inalitoa bure. Ile valvu ya turbo inayopuliza nje kwa mbwembwe za "pshhh" huitupa hewa ambayo sensa imeshaihesabu. Kompyuta inamwaga petroli ya hewa isiyokuwepo, na kila ukibadili gia injini inasonga. Ekzosti isiyo na sailensa haina haja ya maelezo: Maine na Vermont zina ukaguzi wa magari.

Kwa wale wenye mapenzi na Subaru za usukani wa kulia kutoka Japani, sheria zinachekesha. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Kanada inafungua mlango likifikisha kumi na tano, na Marekani likifikisha ishirini na tano. Uliza kwanza masharti ya usajili katika jimbo lako, na usidhani gari la Japani halina kutu. La Hokkaido, kaskazini mwa Japani, limeishi kwenye theluji miaka yake yote.

Lini uachane nalo

Kila vuli gari likiwa juu ya jeki, muulize fundi swali moja: bodi inapobeba shokapu na fremu ya nyuma bado ni chuma? Kama ndiyo, gasketi, belti, beringi na hata injini nyingine ni matumizi yenye mantiki, kwa sababu unajenga juu ya msingi mzima. Kama siyo, acha kununua spea mpya. Toa seti ya matairi ya baridi na rimu zake, betri kama ni mpya, sampu gadi na hita ya bloku kama inafaa gari lijalo, uuze mabaki kwa wanaochinja magari. Halafu anza upya na tochi, bisibisi na boksi lako la kulalia, kwa gari ambalo safari hii utalipulizia mafuta ya kutu kabla ya baridi yake ya kwanza mikononi mwako.